Taa za kupuliza ufukweni: tazama betri na mshono kabla ya mwanga

Kazi yangu ni taa za shughuli hapa Unguja: harusi za ufukweni, futari za nje, maulidi ya uani, na mara nyengine vijana wanaokwenda kulala kambini Vumawimbi, Pemba. Kila anayekuja kuulizia taa za kupuliza huanza na swali moja: zinawaka sana? Namuelewa, lakini kwa visiwa vyetu mwanga ndiyo jambo jepesi kuliko yote. Kinachoziua taa hizi huku ni chumvi, jua kali na betri iliyoandikwa uongo kwenye boksi. Anayenunua kwa kutazama mwanga hufurahi usiku wa kwanza, na msimu ukigeuka anabaki na mfuko uliosinyaa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kuna taa ndogo, mfuko wa plastiki laini wenye kipande cha sola juu, betri na balbu za LED ndani. Ukiipuliza inakuwa kama tufe au boksi, ukiitoa upepo inalala bapa na kuingia mkobani. Halafu kuna mapambo makubwa ya kitambaa, nguzo na mipira yenye urefu wa kumzidi mtu, yanayosimamishwa na feni. Watu huyaita yote kwa jina moja, na hapo ndipo wanapopata hasara, kwa sababu ni vitu viwili tafauti kabisa. Nitaanza na zile ndogo.

Historia yake inatugusa. Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti, na wanafunzi wawili wa usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Anna Stork na Andrea Sreshta, wakafikiria taa ya watu waliobaki kwenye mahema: nyepesi, ya kuchaji kwa jua, inayokunjika ili nyingi ziingie kwenye mzigo mmoja. Ndiyo ikawa LuminAID. Mwezi huo huo Unguja nayo ilikuwa gizani. Waya wa umeme wa chini ya bahari ulikuwa umetukatikia Disemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Waliokuwepo wanakumbuka kelele za majenereta, ndoo za maji kwa foleni, na mafuta ya taa yalivyokuwa yakitafutwa. Kwa hivyo mtu akiniambia hizi ni taa za watalii, simkubalii. Zilibuniwa kwa watu wa hali kama ile tuliyokuwa nayo sisi, na nyumba yenye mbili tatu kabatini haiogopi umeme kukatika.

Hesabu ya betri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye udanganyifu mkubwa.

Kipande cha sola chenye ukubwa wa kiganja hutoa kama wati 1 jua likiwa la utosi. Siku ya kaskazi isiyo na mawingu, hesabu muda wa saa tano hadi sita za jua kamili. Hiyo ni kama wati-saa 5 kwa siku, na sehemu yake hupotea kabla ya kufika kwenye betri. Sasa chukua betri ya mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) yenye volti 3.7: inabeba wati-saa 7.4. Yaani hata betri hiyo ya kawaida, ikiwa tupu kabisa, haijai kwa siku moja ya jua zuri. Halafu unaletewa taa imeandikwa mAh 10,000, wati-saa 37, na juu yake sola ya kiganja kile kile. Ingetaka zaidi ya wiki nzima kujaa. Ama betri siyo hiyo iliyoandikwa, ama sola imewekwa kwa kukupendezesha macho.

Kuna njia ya kujua bila kuifungua. Aina moja ya betri ya lithiamu inayotumika kwenye taa kama hizi ni ile ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Moja ina uzito wa kama gramu 45 hadi 50, na iliyo bora hubeba kama mAh 3,500. Kwa hivyo mAh 10,000 za kweli ni betri tatu, karibu gramu 140 za betri peke yake kabla ya mfuko na sola. Taa yenye maandishi hayo ikiwa na uzito wa gramu 100, jibu unalo. Muuza viungo yeyote pale Darajani ana mizani, muombe akupimie. Mimi hufanya hivyo mbele ya muuzaji wa taa, bila ya kugombana naye, maana mara nyingi na yeye kauziwa maneno.

Na ile "saa 24" ya kwenye boksi ni kwa mwanga wa chini kabisa. Taa ya lumeni 80 au 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) hula kama wati 1, basi betri ya mAh 2,000 itakupeleka kwa muda wa saa sita au saba. Shughuli ya kuanzia Magharibi hadi saa sita ya usiku inatosha. Kwa Ramadhani, ukitaka ikufikishe daku, punguza mwanga mapema au uwe na taa ya zamu.

Chagua yenye tundu la USB pamoja na sola. Masika mawingu yanaweza kukaa siku nzima, na sola ndogo ikikosa jua haina msaada wowote.

Mshono, plastiki na chumvi

Ishike taa, ivute taratibu kwenye mshono, kisha iwashe na utazame kiungo kwa ndani. Mshono mzuri ni utepe mpana ulioyeyushwa sawasawa, hauna vipovu wala mahali palipobana pakawa pembamba kama uzi. Halafu inuse. Plastiki ya PVC ya bei rahisi ina harufu kali, na ikikaa kwenye joto letu huanza kunata, mwisho inageuka manjano na kupasuka kwenye mikunjo. Ile inayoitwa TPU ni laini zaidi, inavutika ikarudi, na inastahimili kusuguliwa na mchanga. Bei yake iko juu, na mimi naona inastahiki.

Kwenye boksi utaona IP na tarakimu mbili. IP67 maana yake vumbi haliingii, na taa imezamishwa mita 1 kwa dakika 30 bila ya maji kuingia. IPX4 ni ya kustahimili kurushiwa matone tu. Kwa ufukweni usishuke chini ya IP67, na ujue kwamba kipimo hicho ni cha maji baridi. Chumvi haikupimwa. Maji ya bahari yakikauka kwenye tundu la USB huacha unga mweupe, baadaye unaona kutu ya kijani kwenye shaba, na siku ile taa haichaji tena. Kwa hivyo ukirudi kutoka pwani, tundu likiwa limefungwa vizuri, isuuze kwa maji ya bomba, ifute, kisha fungua mfuniko ikauke kivulini. Usiichomeke kwenye chaja kabla tundu halijakauka.

Kuchaji kwa jua nako kuna adabu yake. Watu wengi huziweka juu ya bati kwa sababu hapo hapana kivuli. Bati saa saba mchana linaunguza mkono, na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Sola yenyewe ikipata moto inatoa umeme pungufu. Itandaze juu ya jamvi mahali penye upepo, sola ikitazama juu, haina haja ya kuiegemeza kwa sababu huku jua liko karibu na utosi mwaka mzima. Itoe upepo kwanza: hewa iliyofungiwa ikipata joto hutanuka na kuusukuma mshono. Na usiruhusu jani wala kivuli cha kamba kukatiza sola, maana vipande vyake vimeungwa kwa mfuatano. Kimoja kikizibwa, vyote vinadhoofika.

Kuziweka mahali pake

Mshumaa mmoja una kama lumeni 12. Taa ya lumeni 65 kwenye usiku wa Matemwe usio na mwezi ni mwanga mwingi kwa jamvi la watu sita. Anayetaka kuwasha ufukwe mzima kama uwanja wa mpira anapoteza bahari na nyota alizowaitia wageni wake.

Rangi ndiyo inayoharibu shughuli nyingi. Taa zinazobadilika rangi zinapendeza dukani, lakini mkalishe bibi harusi chini ya taa ya buluu uitazame mikono yake. Hina nyekundu iliyotiwa kwa usiku mzima inakuwa nyeusi, haitafautiani na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, na lile ua alilolichora mchora hina kwa kuchanganya mbili hizo linapotea lote. Chakula nacho kinageuka kijivu. Kwa watu na kwa chakula tumia mwanga wa manjano, ulioandikwa kelvini (K) 2,700 hadi 3,000 kwenye boksi, ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga. Wadudu nao huufuata kidogo kuliko mweupe. Buluu na zambarau ziwekee mbali, kwenye miti ya nyuma.

Ziweke chini ya usawa wa macho. Taa iliyo chini karibu na ukuta uliopakwa chokaa inarudisha mwanga laini usoni, ilhali ikining'inia mbele ya macho inawapofusha watu na kuwatia vivuli kwenye mashavu. Kwenye ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, zile za kusimama, weka moja kila mpindo. Na chini ya paa la makuti taa hizi ni neema: mshumaa na makuti makavu wakati wa upepo ni hatari ambayo hakuna pambo linalostahiki.

Unapotundika, angalia mti. Mvinje ni mzuri kwa kivuli, lakini vitunda vyake vikavu vina ncha na hutoboa; fagia chini kabla ya kuweka taa. Mkadi una miiba kwenye majani. Mnazi ufunge taa ukipenda, lakini wageni usiwakalishe chini yake.

Jengine ni maji. Kwenye bamvua, siku za maji makubwa, maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni, halafu hupwa usiku, basi taa ulizozipanga juu ya alama ya jioni ziko salama mpaka karibu na alfajiri, maji yanaporudi. Maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo, ni kinyume: jioni utaona ufuo mkavu, nayo bahari inapanda polepole hadi saa nne, saa tano usiku. Muulize mvuvi wa hapo hapo kabla ya kupanga mstari. Taa za kuelea ni za bwawa. Baharini ifunge kwa kamba na jiwe, usiiachie ikachukuliwa na mkondo, maana plastiki yake itawafikia kasa.

Na kasa nina neno lao. Visiwa vya Mnemba na Misali ni mahali wanapotaga. Vitoto vikitoka mchangani usiku huelekea kule kwenye mwanga zaidi, na kwa maumbile kule ni baharini. Ukiwasha taa nyeupe ufukweni, vinapanda juu badala ya kushuka, na jua linavikuta huko. Pahala penye viota usipange taa za mapambo kabisa. Ukihitaji kuona njia, tumia nyekundu hafifu, chini, imekingwa upande wa mchanga.

Kwenye chombo cha safari ya kutazama jua likizama, usitundike nyekundu na kijani kwa kupamba. Baharini nyekundu ni ubavu wa kushoto wa chombo na kijani ni wa kulia. Nahodha wa mbali atakusoma vibaya.

Yale makubwa ya feni sitayasemea sana. Feni inatakiwa izunguke muda wote. Umeme ukikatika, nguzo inainama na kuwaangukia watu pamoja na sahani zao. Yanafaa ukumbini au uani penye ukuta, kukiwa na jenereta tayari. Kusi likivuma, Paje na Jambiani siyapeleki hata nikilipwa mara mbili. Kitambaa cha ukubwa ule ni tanga, na mchanga haushiki vigingi.

Taa ndogo ikianza kupoteza upepo, ipulize, ipake maji ya sabuni, povu litakuonesha tundu. Tumia gundi ya aina ya plastiki yake. Gundi ya kukauka haraka inakuwa ngumu na kuvunjika kwenye mkunjo. Ukiweza, pulizia pampu ndogo badala ya mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu na ndani hufanya ukungu. Msimu ukiisha zihifadhi zikiwa na chaji nusu, mahali pakavu, bila kuzikunja kwa nguvu, na kila baada ya miezi mitatu zirudishie chaji kidogo. Betri iliyoachwa tupu kwa muda mrefu mara nyingi haiamki. Ukiona betri imevimba, usiichaji tena, usiitoboe, na usiitupe kwenye jaa linalochomwa moto. Iweke peke yake kwenye kopo la bati lenye mchanga, nje ya nyumba, mpaka utakapoifikisha kwa fundi au mkusanyaji anayepokea betri mbovu.