Je, wajua b ya debt ilitoka wapi?

Mpwa wangu wa Gredi ya Tano alirudi nyumbani, hapa Umoja, na daftari la imla lenye mkasi mmoja tu wa wino mwekundu. Alikuwa ameandika det badala ya debt, neno la Kiingereza la deni. “Anko, hii b inafanya nini hapa?” Nikamjibu kwa ile sauti ya mtu mzima asiyeulizwa mara mbili: zamani Waingereza waliitamka, ulimi ukachoka, herufi ikabaki kwenye karatasi. Nilikuwa nimempotosha.

Kilichonikosesha ni knight. K yake ilitamkwa kweli: katika Kiingereza cha kale neno hilo liliandikwa cniht, na k ilisikika. Ukishajua hilo, ni rahisi kudhani kwamba kila herufi bubu ni mzee aliyepoteza sauti. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka, na hata nimewahi kubishana na watu. Lakini b ya debt haikupoteza sauti, kwa sababu katika Kiingereza haikuwa nayo. Neno lilitoka kwa Wafaransa, likaandikwa dette, likatamkwa vivyo hivyo. B ilichomekwa baadaye, karibu karne ya 15 na ya 16, na watu waliokienzi mno Kilatini, ambako deni ni debitum.

Chukulia jirani yako kwenye ploti, Juma. Siku moja anafukua nasaba yake, anagundua babu wa babu yake alikuwa mtu mkubwa, anakimbilia Huduma Centre kuongeza jina hilo kwenye kitambulisho. Kitambulisho kinabadilika. Lakini kwa kinyozi, dukani, na kwa makanga anayemdai nauli, yeye bado ni Juma tu. Debt ndiye Juma huyo. Doubt ilipewa b kwa heshima ya dubitare ya Kilatini, na receipt ikapewa p ya recepta. Deceit, ndugu wa receipt, hana p hadi leo. Kiswahili, kilicholipokea neno kwa sikio, kiliandika risiti na kazi ikaisha.

Kuna ushahidi mtamu wa kwamba b haikusikika. Katika Love's Labour's Lost, tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1598, mwalimu Holofernes anawafokea wanaosema det badala ya kutamka b yote. Na huyo amewekwa pale achekwe.

Mara nyingine, lakini, mtaa hulizoea jina jipya. Fault zamani ilikuwa faute. Wasomi wakatia l, na taratibu watu wakaanza kuitamka. Maandishi yakaufundisha mdomo.

Kisa cha island ndicho ninachokipenda zaidi, maana hapo Juma alijitwalia babu wa ukoo mwingine. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, igland, wala halina undugu na insula ya Kilatini. S ilitoka kwa isle, neno lenye maana hiyo hiyo, ambalo kweli lilipitia Kifaransa kutoka insula. Kisha isle ikamwambukiza na aisle, ile njia kati ya rafu za supamaketi au viti vya kanisani, ambayo asili yake ni neno la Kifaransa la bawa. Yanatamkwa sawa, basi yakaazimana herufi.

Nisiwatwike Waingereza lawama zote, maana hakuna kamati iliyoketi ikaamua. Wafaransa wenyewe waliwahi kuandika debte. Tofauti ni kwamba wao baadaye waliitoa b.

Nilimrudia mpwa wangu na marekebisho, nikamwonyesha pia kwamba b ile inamsaidia kuona undugu wa debt na debit, neno lililo kwenye kadi za benki. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama, kwa kuwa Waingereza walianza bila b, mwalimu atamrudishia alama yake.