Wazimu wa mahkamani

Juzi tena, barazani Wete, Pemba, kahawa haijapoa, mtu kamtaja mshitakiwa ambaye kesi yake imesimamishwa: "Yule kajifanya mwehu, kaachiwa." Ami aliyekaa ubavuni mwangu akaguna, kashata mkononi, kama kwamba hukumu imeshasomwa.

Wazimu wa kisheria ni maradhi ya akili yaliyomfanya mtu, wakati anatenda, asijue anachokitenda au asijue kuwa ni kosa. Basi. Kila mtu huchukuliwa kuwa ana akili timamu, na anayedai vinginevyo ndiye wa kuthibitisha.

Tabu inaanzia kwenye neno lenyewe. Wazimu limetokana na mzimu. Majununi tumelipata kwa Waarabu: aliyeingiwa na majini. Yote mawili yanauliza kaingiwa na nani, na mahkama haina haja na hilo. Inauliza habari za akili, na akili kwa asili yake ya Kiarabu ni jamaa ya kamba anayofungwa ngamia mguuni asende ovyo. Jaji anataka kujua tu: saa ile kamba ilikuwapo, au ilishakatika? Mtu anaweza kuwa na mashetani yake, akapungwa kila mwaka, na bado akajua vyema kwamba panga linakata.

"Saa ile," nasema, kwa sababu hapo ndipo watu wanapochanganya. Saa zenyewe ziko za namna mbili. Kuna saa ya tendo: kama akili haikuwapo, mahkama huona kwamba alitenda lakini hana hatia. Hata hivyo haendi zake nyumbani. Daniel M'Naghten alimuua katibu wa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1843, akaonekana hana hatia, na kanuni tunayoifuata hadi leo ikazaliwa kwenye kesi yake. Alifia kizuizini Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Uingereza, mwaka 1865.

Halafu kuna saa ya kesi. Huyu pengine alitenda na akili zake, ila leo kizimbani hafahamu hata anachosomewa. Kesi husimama, apelekwe kwa daktari, na kwa mtu wa Pemba hiyo ni safari ya kuvuka bahari hadi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Akipata nafuu, anarudi kizimbani palepale alipoachia.

Kwa hivyo, Ami, yule hajaachiwa. Yuko kwa daktari, na faili lake bado liko mahkamani.