Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, usilale tu

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba aliyepasuliwa tumbo alale wiki kadhaa, aletewe kila kitu kitandani, mpaka kidonda kikauke. Ushauri huo hutoka kwenye upendo, lakini kwa aliyepunguzwa tumbo la chakula unaweza kumdhuru.

Tatizo ni damu. Mtu akilala muda mrefu, damu ya miguuni hutembea polepole na huweza kuganda. Donge likichomoka, husafiri hadi kwenye mapafu, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi baada ya upasuaji huu. Hatari haiishi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mara nyingi donge hutokea mgonjwa akiwa tayari kwake. Ndiyo maana wauguzi humwinua atembee siku ileile ya upasuaji au kesho yake. Nyumbani aendelee hivyohivyo: hatua chache, mara nyingi kwa siku, akiongeza taratibu. Kama ameandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, azimalize.

Kutembea si kubeba mizigo. Ndoo ya maji, au hata mtoto anayelia kunyanyuliwa (najua hili ni gumu), visubiri wiki 4 hadi 6, au kama daktari alivyoagiza. Maji anywe kidogokidogo kutwa nzima.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikibana, moyo ukienda mbio, homa ikipanda au maumivu ya tumbo yakizidi, arudi hospitali mara moja, asingoje.