Kufundisha na kutafiti sayari baada ya uzamivu: dhana potofu na ukweli

Nafasi za kazi za kufundisha na kutafiti sayari kwa waliomaliza shahada ya uzamivu (PhD) hutangazwa kwa wingi Marekani kati ya Septemba na Desemba, na kazi huanza mwaka unaofuata. Wapo wenye sifa kamili wasioomba kabisa, na wapo wanaoomba kwa namna inayowaangusha, kwa sababu ya mambo waliyoyasikia tu.

Dhana: Ni masomo ya ziada.
Hakuna shahada wala mtihani. Ni kazi ya mkataba, aghalabu miaka miwili au mitatu. Unaweza kuomba kabla ya kutetea tasnifu, ila siku ya kuripoti utadaiwa uthibitisho kwamba umemaliza. Cheti kikichelewa, mara nyingi barua ya msajili wa chuo inatosha.

Dhana: Kufundisha ni kazi ndogo ya pembeni.
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua somo moja la saa tatu kwa wiki. Ukilifundisha kwa mara ya kwanza, kila saa ya darasani hudai kama saa tatu za maandalizi, yaani tisa. Weka saa mbili za kuonana na wanafunzi. Ukiwa na wanafunzi 30, na kila kazi unaisahihisha kwa dakika 10, hizo ni saa tano nyingine. Jumla ni 19, karibu nusu ya wiki ya saa 40. Mradi wa utafiti unaodai muda wako wote hautafika, na jopo la uteuzi huliona hilo mapema. Andika mradi unaogawanyika: kupima na kukusanya data wakati wa muhula, kuchambua na kuandika makala likizo ndefu. Kabla ya kusaini, uliza utafundisha masomo mangapi kwa mwaka na kama utarudia somo lile lile. Kulirudia kunapunguza mno maandalizi.

Dhana: Lazima uwe umesoma astronomia.
Wanajiolojia, wanakemia na wataalamu wa hali ya hewa wamejaa humu. Aliyechunguza lava ya Ol Doinyo Lengai, yenye kaboneti nyingi na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi, ana la kuchangia kuhusu mifereji mirefu ya Zuhura, ambayo baadhi ya watafiti wanadhani ilichongwa na lava ya jinsi hiyo.

Dhana: Bila maabara kubwa huna mradi.
Hazina ya data za sayari ya NASA iko wazi kwa yeyote, bure, na JMARS, programu ya Chuo Kikuu cha Arizona State ya kutazama na kuchambua ramani na picha za sayari, pia ni bure. Kamera ya HiRISE inayozunguka Mirihi huonyesha hadi sentimita 25 au 30 kwa pikseli, lakini picha yake ina upana wa kilomita 6 tu. CTX, kamera nyingine ya chombo hicho hicho, huona mita 6 kwa pikseli kwa upana wa kilomita 30. Anayekadiria umri wa uso wa sayari kwa kuhesabu kreta (mashimo yaliyochimbwa na mawe ya angani) huvutiwa na picha kali ya HiRISE, kisha anaambulia kreta kubwa chache mno. Shaka ya hesabu hii ni kipeuo cha pili cha idadi: kreta 16 zina shaka ya 4, yaani asilimia 25. Kreta 100 zina shaka ya asilimia 10. Akikimbilia vikreta vidogo, vingi huwa vimetokana na mawe yaliyorushwa na mgongano mwingine, na umri unaotoka unakuwa wa uongo. Anza na CTX.

Dhana: Barua ya profesa mashuhuri ndiyo inayobeba.
Barua kwa kawaida ni tatu, na kwa nafasi ya kufundisha angalau moja iandikwe na mtu aliyekuona darasani. Wape wanaokuandikia barua wiki sita, pamoja na wasifu na rasimu ya mradi. Kiungo cha kupakia barua hutumwa na mfumo moja kwa moja na mara nyingi huangukia kwenye taka za baruapepe, kwa hiyo waombe waangalie huko. Angalia pia saa ya mwisho ya kuomba: saa kumi na moja jioni ya New York wakati wa baridi ni saa saba usiku Dar es Salaam na Nairobi, na mfumo ukifunga haufunguliwi tena.