Themostati si taima

Limekuwa jambo la kawaida hapa Unguja mtu kusema kwamba hita yake ya maji "ina taima", huku akikuonyesha kile kitufe cha kuzungusha kilichoko chini ya tangi. Kile si taima. Ni themostati, ambayo huukata umeme wa koili, yaani kile chuma kinachopasha maji ndani ya tangi, maji yanapofika joto lililopangwa, mara nyingi nyuzi 60 hivi, kisha huurejesha yanapopoa nyuzi chache. Taima ni saa: huwasha na kuzima kwa wakati uliowekwa, wala haitambui kama maji ni baridi au ya moto.

Lingekuwa kosa la jina tu, lisingestahili kuandikiwa. Lakini limezaa imani kwamba hita inaweza kuachwa imewashwa mchana kutwa bila ya kula umeme, ati kwa sababu inajizima yenyewe. Kujizima inajizima, ila tangi hupoteza joto kila saa hata kama hapana aliyefungua bomba, na kila maji yakipoa themostati huiwasha koili tena. Mwenye nyumba yuko dukani Darajani, watoto wako skuli, na nyumbani maji yanapashwa bila ya mtu wa kuyaoga. Uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiisha kabla ya siku zake, lawama huangukia friji.

Kazi ya kupasha yenyewe haihitaji muda mrefu. Uniti moja ya umeme hupandisha joto la lita 860 za maji kwa uzi mmoja. Kwa hivyo tangi la lita 50, maji yakiingia na nyuzi 27 na yakitakiwa yafike 60, halizidi uniti mbili. Koili ya kilowati 1.5 huimaliza kazi hiyo kwa saa moja na dakika 17 hivi, na ya kilowati 3 kwa dakika zisizofika 40. Anayetaka kuoga kabla ya sala ya alfajiri ataridhika akiipanga taima iwashe saa tisa u nusu usiku na izime saa kumi na moja. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: taima hizi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hivyo saa tisa u nusu yetu imo baina ya namba 3 na 4. Aliyebonyeza vipini vya kupangia wakati kwenye 9 na 10, hita yake itawaka saa tatu asubuhi, watu wameshatawanyika. Tena taima zenye kisahani cha kuzunguka husimama umeme unapokatika, na usiporejea ila baada ya saa mbili, taima itachelewa saa mbili kila siku mpaka irekebishwe kwa mkono.

Katika kuunga nyaya, tofauti hii ni ya usalama. Koili ya kilowati 3 kwa volti 230 huvuta ampea 13 mfululizo, mzigo ambao taima nyepesi za kuchomeka kwenye soketi haziustahamili. Itazame plagi yake baada ya miezi michache, utaona plastiki imegeuka kahawia kuzunguka mguu mmoja. Hita ya namna hiyo inataka njia yake pekee kutoka kwenye breka, waya wa milimita mraba 2.5, waya wa ethi uliofungwa barabara, na swichi inayokata nyaya zote mbili. Taima ikiwa ndogo, fundi huitumia kuendesha kontakta, yaani swichi nzito inayowashwa kwa umeme, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo.

Ile taa nyekundu nayo isimhadae mtu. Katika hita nyingi, ikizimika maana yake ni kwamba themostati imefungua njia ya koili, lakini umeme ungali umefika kwenye vituo vya themostati yenyewe, tayari kurudi maji yakipoa. Asiguse mtu kifuniko kwa kuitegemea taa hiyo. Aizime swichi kuu na apime kwanza.

Basi maji yakitoka yanaunguza, tumwambie fundi kwamba themostati ndiyo yenye hitilafu. Tukimwambia taima, atakuja na saa mpya mkononi, na maji yatabaki yanaunguza vilevile.