"Na kwa sababu ya dhamiri": mstari wa Warumi 13 tunaouruka

Kila ninapofundisha Waraka kwa Warumi, darasa hutulia ghafla tukifika sura ya 13. Mstari wa kwanza wote wanao kwa ghibu: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Wapo wanaoupenda, na mara nyingi ni wale ambao mamlaka iko upande wao. Wapo pia wanaotamani Paulo angeweka kalamu chini kabla ya kuuandika. Mstari wa 5 ndio hakuna anayeukumbuka: "Kwa hiyo ni lazima kutii, si kwa sababu ya ile ghadhabu tu, ila na kwa sababu ya dhamiri."

Mimi naona mjadala wote umefichwa humo.

Kwanza tuwaone walioandikiwa, yaani Wakristo wa Roma. Ilikuwa yapata mwaka 57, Nero akiwa mtawala tangu 54. Moto wa Roma na mateso ya Wakristo yaliyoufuata, mwaka 64, vilikuwa bado. Hata hivyo wasomaji hawa hawakuwa wageni wa makali ya dola. Klaudio, aliyemtangulia Nero, aliwahi kuwafukuza Wayahudi mjini Roma, na ndivyo Prisila na mumewe Akila walivyofika Korintho wakakutana na Paulo (Matendo 18:2). Katika Warumi 16 anawasalimu, wamesharudi. Kwa hiyo barua ile ilisomwa mbele ya watu waliowahi kufungasha virago kwa amri ya Kaisari. Na kodi anayoitaja katika mstari wa 6 na wa 7 haikuwa nadharia: mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba mwaka 58 malalamiko dhidi ya watoza ushuru yalimfikia Nero mwenyewe.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato kwenye Kigiriki. Wanasema Paulo ametumia hypotassesthai, yaani kujiweka chini, wala hakutumia hypakouein, kutii unachoambiwa. Basi tuheshimu serikali lakini tusilazimike kuitii. Tofauti ipo, siikatai, ila sithubutu kuutundika mlima kwenye msumari mmoja. Katika 1 Petro 3:5-6 maneno hayo mawili yanakaa bega kwa bega, na maana zake zinakaribiana mno.

Turudi kwenye dhamiri. Mfikirie mfanyabiashara mwenye madaftari mawili, moja la kweli na jingine la kumwonyesha mtu wa kodi. Ghadhabu ya serikali inaishia kwenye daftari lile la pili. Ofisa akilifunga, akashukuru na kwenda zake, hofu nayo imeondoka. Dhamiri ndiyo inayobaki na yule mtu usiku, droo ikiwa imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Paulo anataka utii wa namna hiyo, unaoendelea hata askari akigeuka upande mwingine.

Lakini mlango huohuo unafunguka pande mbili. Utii ukipita kwenye dhamiri, dhamiri nayo inapata haki ya kuuliza: ninaamriwa nini? Mtu anayetenda ukatili kisha akajitetea kwamba alitumwa tu, ameusoma mstari wa 5 nusu. Ameshika ghadhabu, dhamiri ameiacha. Ndiyo maana sioni ugomvi kati ya Warumi 13 na jibu la mitume mbele ya baraza: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" (Matendo 5:29). Wakunga Shifra na Pua walilijua hilo karne nyingi kabla, Farao alipowaagiza waue watoto wa kiume wa Waebrania, nao wakakataa.

Paulo mwenyewe anatuonyesha jambo hili kwa vitendo huko Filipi. Alipigwa kwa fimbo hadharani pamoja na Sila, bila kuhukumiwa, miguu ikafungwa kwenye mkatale. Usiku tetemeko likafungua milango, naye hakutoroka. Kulipopambazuka, wakuu wa mji wakatuma watu wawaachilie kimyakimya. Paulo akakataa kutoka: sisi ni raia wa Roma, waje wenyewe watutoe. Nao wakaja, tena kwa hofu. Aliyeandika "aitii mamlaka" ndiye huyuhuyu aliyekaa gerezani mlango ukiwa wazi, akidai mamlaka nayo iitii sheria yake.

Nikitafuta mfano wa karibu zaidi, humtaja Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria. Alipoitwa jeshini mwaka 1943 hakujificha. Alikwenda kambini akasema wazi kwamba hatapigana vita vya Hitler, lakini yuko tayari kuhudumia majeruhi. Hata padri na askofu walimsihi aifikirie familia yake, maana alikuwa na mke na mabinti wadogo. Aliuawa tarehe 9 Agosti 1943. Mwaka 2007 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenyeheri. Kinachonigusa ni lile ombi la kuhudumia majeruhi. Hakuwa akitafuta ugomvi na serikali. Alitafuta upenyo wa kutii bila kuua.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi neno dhamiri linabebeshwa mizigo isiyo yake. Mtu hataki kulipa ada ya kibali, anasema dhamiri. Hataki kusimama taa ikiwa nyekundu, dhamiri tena. Hiyo ni "sitaki" iliyovalishwa kanzu.

Na hata dhamiri ya kweli inaweza kukosea. Mbele ya baraza Paulo alisema ameishi kwa dhamiri safi hata siku ile (Matendo 23:1), na maisha hayo yana siku za kuliwinda kanisa ndani yake. Kwa mfalme Agripa anakiri aliona imempasa kulipinga jina la Yesu. Alipokwenda Dameski alikuwa na hati za kuhani mkuu mkononi, na moyoni hakuona kosa. Mamlaka na dhamiri vilikubaliana, na vyote viwili vilikuwa vimepotoka.

Ndiyo sababu siishii kufundisha kwenye mstari wa 7. Mara tu baada ya kodi na ushuru, Paulo anaendelea: "Pendo halimfanyii jirani neno baya." Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wanaponiuliza amri ipi ikataliwe. Waangalie nani ataumia wao wakitii, kwa sababu ndicho Sauli, yaani Paulo huyuhuyu wa siku zile, alichoshindwa kuona, na kamba zake za kuwafunga wanaume kwa wanawake. Sauti iliyomwangusha njiani haikumwuliza kama hati zake ni halali. Ilimwuliza, "Sauli, Sauli, mbona waniudhi?"