Sharti la msaada: maana yake, na lilivyoifikia Dar es Salaam mwaka 1965

Sharti la msaada ni jambo ambalo nchi yenye nguvu huitaka nchi inayosaidiwa ilitende, au iliache, ili msaada usikatike. Mara nyingi haliandikwi popote. Hujulikana tu, kama mpangaji anavyojua kinachomuudhi mwenye nyumba.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa hapa kwetu. Tangu 1955 Ujerumani Magharibi ilifuata kanuni ya Hallstein, iliyopewa jina la Walter Hallstein wa wizara yake ya mambo ya nje: nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki inaweza kuvunjiwa uhusiano. Yugoslavia ilivunjiwa mwaka 1957, Cuba mwaka 1963.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki. Tanganyika nayo ilikuwa rafiki wa Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikitusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Muungano wa Aprili 26 ukaweka ahadi hizo mbili chini ya paa moja. Nyerere akatafuta njia ya kati: Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, na Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere akaiambia iondoe na msaada wake mwingine wa kiserikali. Kazi ya kufundisha marubani ikachukuliwa na Kanada.

Kwa hiyo sharti lilibadili siasa yetu kweli, ila halikutupeleka lilikotaka. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilieleza waziwazi kwamba kutegemea fedha za nje kunahatarisha uhuru, na mimi naamini 1965 ilikuwa bado haijasahaulika.

Lakini kukataa kunahitaji akiba, au rafiki mwingine wa kumwendea. Mapema miaka ya 1980 Nyerere aliyapinga masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, huku fedha za kigeni zimekauka na watu wa Dar es Salaam wakipanga foleni za sukari na sabuni. Safari hii wafadhili wengine nao walikuwa wakituelekeza kwenye mlango uleule. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulitia saini makubaliano na Shirika hilo, na shilingi ikashushwa thamani.